Waogiek walishinda kesi Arusha: mbona bado hawana hati ya ardhi yao Mau?

Mwalimu wa Njoro

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari upande wa Njoro, na darasani mwangu wamo watoto wa Waogiek kutoka Nessuit na Mariashoni, wamo pia watoto wa familia zilizogawiwa mashamba katika Mau ya Mashariki miaka ya tisini. Tulipofika kwenye mada ya haki za jamii ndogo, niliwaeleza kwamba tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kuwa Serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwatoa katika Msitu wa Mau, na kwamba tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo hiyo iliamuru walipwe fidia, wapimiwe ardhi ya mababu zao na wapewe hatimiliki ya pamoja. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono, akauliza: ikiwa walishinda, mbona Novemba 2023 askari wa misitu walibomoa nyumba za Waogiek kule Sasimwani, upande wa Narok?

Kabla sijamjibu, mvulana mwingine akadakia kwamba Mau ni chanzo cha maji ya watu wote, kwa hiyo anayeishi ndani yake atoke, awe Mwogiek au asiwe. Darasa likagawanyika pande mbili na kengele ikalia. Nimewaahidi kuwaletea majibu, nami nisingependa kuwajibu kwa maneno ya magazetini peke yake.

Naomba basi wanaoijua sheria wanieleze hukumu ya Arusha ina nguvu gani ndani ya Kenya, na wanaoujua msitu wanieleze kama kweli kuwaondoa Waogiek kunaokoa maji. Ningefurahi pia kusikia kama ipo jamii ya wawindaji na warina asali katika Afrika ya Mashariki ambayo ilipata ardhi yake kwa njia ya sheria na ikabaki nayo. Siasa za vyama tafadhali tuziweke kando, maana hizo wanafunzi wanazipata za kutosha nyumbani.

Wakili wa Ardhi

Mwalimu, jibu la swali la mwanafunzi wako linaanzia kwenye njia ambayo kesi yenyewe ilipitia. Oktoba 2009 Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) iliwapa Waogiek na wakazi wengine wa Mau notisi ya siku 30 wawe wamehama. Mwananchi wa Kenya hawezi kwenda moja kwa moja mbele ya majaji wa Arusha, kwa sababu Kenya haijaweka tamko linalotakiwa na kifungu cha 34(6) cha Itifaki iliyoanzisha mahakama hiyo, yaani tamko la kuruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki nchi yao huko moja kwa moja. Kwa hiyo mashirika yanayowatetea Waogiek yalipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mnamo Novemba 2009, na Tume ndiyo iliyoishtaki Kenya mwezi Julai 2012. Machi 2013 mahakama ilitoa amri ya muda kwamba serikali irejeshe zuio la kuuza na kuhamisha ardhi katika eneo linalobishaniwa. Uamuzi wenyewe ulipotoka, karibu miaka minane ilikuwa imepita tangu notisi ile, na walioandika malalamiko ya kwanza wakiwa vijana walikuwa sasa wanahesabiwa miongoni mwa wazee.

Mahakama iliona kwamba Kenya ilikiuka vifungu vya 1, 2, 8, 14, 17, 21 na 22 vya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, yaani iliwabagua Waogiek kwa kutowatambua kama kabila kama ilivyowatambua wengine, iliwazuia kufika mahali pao pa ibada, na iliwanyima ardhi, utamaduni, maliasili na maendeleo yao. Dai moja lilishindwa, nalo ni lile la haki ya kuishi chini ya kifungu cha 4. Majaji walisema kuwa kuondolewa msituni kuliwaathiri Waogiek katika namna ya kujipatia riziki, lakini haikuthibitishwa kwamba kulikiuka haki ya uhai kwa maana ya uhai wa mwili. Naheshimu hoja hiyo ya kisheria, ila naiona ni finyu, kwa sababu jamii yaweza kutoweka huku watu wake wote wakiwa hai na wanapumua. Inatosha watoto wake wawe vibarua katika mashamba ya wengine na lugha yake ibaki vinywani mwa wazee.

Kuhusu hoja ya mvulana wako, serikali iliitoa hoja hiyo hiyo mahakamani: kwamba Mau, yenye ukubwa wa hekta 400,000 hivi, ni chemchemi ya taifa na lazima ihifadhiwe. Mahakama haikuukataa umuhimu wa kuhifadhi. Ilichosema ni kwamba serikali haikuleta ushahidi wowote kuwa Waogiek ndio walioharibu, na kwamba ripoti mbalimbali kuhusu hali ya msitu, zikiwamo zilizoandaliwa na serikali au kwa ushirikiano nayo, zilitaja chanzo kikuu kuwa ni uvamizi wa makundi mengine, umegaji wa msitu uliofanywa na serikali kwa ajili ya makazi, na vibali vya ukataji miti vilivyotolewa bila busara. Waambie wanafunzi wako waitafute sehemu hiyo ya hukumu waisome wenyewe.

Sasa nguvu ya hukumu. Kifungu cha 30 cha Itifaki kinaifunga nchi iliyoshtakiwa itekeleze uamuzi ndani ya muda uliowekwa, na kifungu cha 29 kinalipa Baraza la Mawaziri la Umoja wa Afrika kazi ya kufuatilia. Hakuna askari wa Arusha atakayekuja Narok na kigingi mkononi. Ndani ya nchi, Katiba ya 2010 inasema katika ibara ya 2(6) kwamba mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria ya Kenya, na ibara ya 63(2)(d)(ii) inaitaja ardhi ya mababu na ardhi iliyokaliwa kimila na jamii za wawindaji kuwa ni ardhi ya jamii. Ukisoma hapo tu utadhani mambo yamekwisha. Lakini rudi ibara moja nyuma: ibara ya 62(1)(g) inaweka misitu ya serikali na maeneo ya vyanzo vya maji kuwa ardhi ya umma, na msamaha pekee inaoutoa ni kwa misitu ya jamii iliyotajwa katika kifungu kidogo cha (i), si cha (ii) kinachowahusu wawindaji. Mawakili wa serikali wanasimama juu ya ibara ya 62, mawakili wa jamii juu ya 63, na askari wa misitu anapata nafasi ya kusema kwamba yeye anatekeleza sheria.

Mwaka 2017 serikali iliunda jopokazi la kushauri jinsi ya kutekeleza hukumu, na ripoti yake haikutangazwa kwa umma. Amri ya 2022 iliweka miaka miwili ya kupima, kuweka mipaka na kutoa hati, na miaka hiyo ilikwisha Juni 2024. Maoni yangu binafsi ni kwamba kinachogopwa hapa hakina uhusiano mkubwa na pesa. Fidia iliyoamriwa ni shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa madhara ya utu, jumla shilingi 157,850,000, hali Tume ilikuwa imeomba zaidi ya dola milioni 297 kwa hasara ya mali peke yake. Mahakama iliikadiria jamii hii kuwa na watu 20,000 hivi, kwa hiyo kila mmoja angepata kiasi cha shilingi 7,900. Serikali inayojenga barabara kwa mabilioni haiwezi kusema imeshindwa na kiasi hicho. Kigumu ni kupima, maana mpimaji akishaingia Mau na kuchora ramani ya ardhi ya Waogiek, ramani hiyo hiyo itaonyesha ni nani mwingine amekalia nini, na alikipata kwa saini ya nani.

Mzee wa Nyangores

Wakili ameeleza vizuri na nimejifunza, ila ruhusuni sauti ya watu wa chini ya mto isikike. Mimi ni mkulima kando ya Nyangores, mto unaotoka Mau na kuungana na Amala kuwa Mto Mara. Mvua kubwa ikinyesha huko juu maji hutufikia yakiwa rangi ya chai ya maziwa, na kiangazi kikija ng'ombe wanavuka bila kulowesha magoti. Ripoti ya jopokazi la Waziri Mkuu ya 2009 ilieleza kuwa zaidi ya hekta 100,000 za Mau, karibu robo ya msitu mzima, zilikuwa zimepotea kwa umegaji na uvamizi, na sisi hatukuhitaji ripoti kulijua hilo.

Siwachukii Waogiek, na sikatai kwamba wao ndio waliokuwa huko kwanza. Lakini nimepita Mariashoni nikaona viazi na mahindi, nikaona ua wa ng'ombe, na shina la mti lililokatwa halinielezi kama limekatwa na mwenyeji au na mgeni. Mwogiek wa leo anataka shule, zahanati na barabara kama mimi, na ni haki yake. Lakini barabara ikishaingia msituni, lori la mbao linafuata nyuma yake. Tukiandika kwenye hati kwamba jamii fulani ina haki ya kuishi ndani ya chemchemi ya maji, tutawazuiaje watoto wa watoto wao wasiigawe vipande vipande na kuiuza, kama yalivyouzwa mashamba ya wengine wote katika nchi hii?

Binti wa Mariashoni

Mzee wangu, nakusalimu kwa heshima, na nashukuru umeuliza bila matusi, kwa sababu tumezoea kuulizwa hivyo kwa matusi. Mimi ni Mwogiek, nimezaliwa Mariashoni, na viazi ulivyoviona huenda vilikuwa vya mama yangu.

Nianze na jinsi babu zetu walivyoishi, maana bila hilo neno "msituni" linadanganya. Msitu wetu ulikuwa na wenyewe. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake, tunaliita konoito, na mipaka yake ni mito, mabonde na vilima ambavyo kila mtu wa ukoo alivijua. Konoito huwa ni ukanda mrefu unaopanda kutoka chini penye vichaka hadi juu kwenye mianzi, kwa sababu maua hayachanui wakati mmoja kila mahali, na mrina asali huwafuata nyuki kwenda juu na kushuka kufuatana na majira. Babu yangu alichonga mizinga yake kwa mtarakwa: anapasua gogo katikati, anakomba kila nusu kwa tezo mpaka iwe kama mtumbwi, anaziunganisha tena kwa kamba na kuziba pande zote mbili akiacha tundu la nyuki, kisha anapanda nao juu ya mti mkubwa na kuulaza kwenye panda ya matawi. Mzinga wa mtarakwa hauliwi na mchwa, na mtoto huweza kuurithi. Mti wa silibwet unapochanua, asali inayotoka ni nyeupe, na hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye mahari na kwenye sherehe. Mtu aliyeukata mti wa maua katika konoito ya ukoo mwingine alikuwa ameharibu ghala la watu, na aliitwa mbele ya wazee kujibu.

Sasa tazama kilichokuja. Katika miaka ya 1930 tume ya ardhi ya wakoloni iliyoongozwa na Morris Carter ilipendekeza kwamba sisi, waliotuita Wadorobo, tuchanganywe ndani ya makabila makubwa yanayofanana nasi, tusiwe na ardhi ya peke yetu. Mahali pengi msitu wa asili ulikatwa, ikapandwa misonobari na sipresi kwa ajili ya mbao. Kwenye ramani hiyo bado inaitwa misitu, na kwa anayepita na gari ni kijani kama kawaida, lakini nyuki hana cha kunywa kwenye sipresi. Baadaye, katika miaka ya tisini, mashamba yalipimwa Mau ya Mashariki kwa jina letu, ikasemwa ni ya kuwapatia Waogiek makazi, na tume ya Ndung'u ya kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma ilikuja kueleza mwaka 2004 jinsi ardhi hiyo ilivyoangukia mikononi mwa watu wengine kabisa wenye vyeo na wenye kujuana na wenye vyeo. Mwaka 2001 serikali ilikuwa tayari imetangaza kwenye gazeti rasmi kusudio la kumega zaidi ya hekta 60,000 za misitu, nyingi yazo zikiwa Mau.

Waogiek wa Tinet walipokwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuzuia kufukuzwa, uamuzi wa Machi 2000 uliwaambia kwamba wao si wawindaji tena, kwa kuwa wana mashamba, mifugo na nyumba za kudumu kama watu wengine. Nikupe mfano mmoja, mzee wangu: ni kama mtu kukuvua viatu, kisha akakushtaki kwamba wewe si mwenye viatu kwa sababu unatembea pekupeku. Uwindaji ulipigwa marufuku, msitu wa maua ukakatwa, mama akapanda viazi ili tusome, halafu viazi hivyo vikawa ushahidi dhidi yetu.

Unauliza tutawazuiaje wajukuu wasiuze. Hofu hiyo tunayo hata sisi, kwa sababu wapo wa kwetu waliouza, tena kwa bei ya kutia aibu, mara tu walipopewa hati za mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana wazee waliokwenda Arusha hawakuomba hati za mtu binafsi. Waliomba hati ya jamii nzima, ambayo kijana mwenye deni hawezi kuichukua usiku akaipeleka kwa mnunuzi. Na lori la mbao unalolisema, lilikuwa linapita kwetu na kibali mkononi. Julai 2023 Rais alitangaza kuondolewa kwa marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo tangu 2018. Miezi minne baadaye nyumba za Sasimwani zikabomolewa kwa kusemwa kwamba msitu unaokolewa. Mwanafunzi wa mwalimu ana haki ya kutoelewa.

Mkazi wa Mbulu

Nawasalimu kutoka Tanzania. Mwalimu ameuliza kama ipo jamii ya namna hii iliyopata ardhi kwa njia ya sheria, na mfano ulio karibu nami ni wa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, hapa wilayani Mbulu. Ni watu wachache mno, yapata elfu moja na mia kadhaa tu, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Mwaka 2007 bonde lao lilikuwa karibu kutolewa kwa wageni kutoka Falme za Kiarabu kama eneo la uwindaji, mpango ukapingwa sana na wawekezaji wakajiondoa. Wakiona kwamba safari nyingine huenda wasiwe na bahati hiyo, Wahadzabe, kwa msaada wa shirika la UCRT, walitumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ambayo inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa kikundi. Oktoba 2011 walikabidhiwa hati ya pamoja ya hekta zipatazo 20,000. Ninavyofahamu, ilikuwa mara ya kwanza nchini kwetu kwa hati ya aina hiyo kupewa jamii ya wawindaji.

Baada ya hapo ukaja mradi wa hewa ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania: miti iliyoachwa bila kukatwa inahesabiwa, hewa ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo inauzwa, na sehemu ya fedha inarudi vijijini kulipia walinzi wa jamii, matibabu na ada za shule. Napenda kuwa mkweli kuhusu mradi huu. Umewasaidia, lakini umewasaidia kwa sababu hati ilikuwa yao kabla ya mnunuzi wa kaboni kubisha hodi. Pale ambapo ardhi haijulikani ni ya nani, fedha za kaboni humpa mwenye nguvu sababu mpya ya kuwatoa wasio na hati, na kwa Mau ningelitazama jambo hilo kwa macho mawili.

Hati nayo haifukuzi ng'ombe. Wafugaji na wakulima bado wanaingia Yaeda, hasa kiangazi, na kila uvamizi unahitaji mlinzi wa kuuona, kijiji cha kulalamika na ofisa wa wilaya mwenye nia ya kusikiliza. Yakikosekana mawili kati ya hayo, hati inabaki kabatini.

Niongeze jambo moja kutoka Loliondo ambalo linawahusu Waogiek moja kwa moja. Vijiji vinne vya Wamasai, yaani Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, viliishtaki serikali yetu katika Mahakama ya Afrika Mashariki baada ya watu kuondolewa na maboma kuchomwa mwaka 2017. Septemba 2022 kesi ikatupwa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba vijiji havikuthibitisha kuwa maboma hayo yalikuwa ndani ya ardhi ya kijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kilitengua uamuzi huo na kuamuru kesi isikilizwe upya, lakini tazama muda uliopotea kwa ajili ya swali la mstari uko wapi. Ushauri wangu kwa dada wa Mariashoni ni kwamba wazee wanaoijua mipaka ya zile konoito wazungushwe msituni sasa, wakiwa bado wana miguu, na kila mto na kilima kiandikwe pamoja na majira-nukta yake, yaani namba zinazoonyesha mahali pake kwenye ramani. Msingoje mpimaji wa serikali, maana akija bila ninyi kuwa na ramani yenu, ramani yake ndiyo itakayokuwa ukweli.

Na kwa Watanzania wanaotusoma: tusidhani tuna njia ya mkato kwa kuwa mahakama iko Arusha. Tanzania iliondoa tamko lake la kifungu cha 34(6) Novemba 2019, kwa hiyo kwa mambo yaliyotokea baada ya uondoaji huo kuanza kufanya kazi, nasi sasa ni lazima tupitie kwenye Tume kama Wakenya.

Mzee wa Nyangores

Binti, maelezo yako kuhusu sipresi na nyuki sikuwahi kuyasikia, na hoja ya hati ya pamoja naikubali. Ninachotaka kukiona ni sheria ndogo zilizoandikwa: nani anaruhusiwa kulima, wapi, umbali gani kutoka mtoni, na anayechoma makaa anafanywa nini. Nikiziona hizo, nitasimama nanyi hata kwenye baraza la chifu.

Mwalimu wa Njoro

Nawashukuru nyote. Bado kuna jambo linalonikwaza, na ndilo litakaloulizwa kwanza nikirudi darasani. Nusu ya wanafunzi wangu ni watoto wa watu walionunua au kugawiwa mashamba hayo. Baba zao wana hati, wamejenga, wamezika wazee wao hapo. Hukumu ya Arusha inawaambia nini hao? Na je, mbali na Arusha, ipo mahakama yoyote ya hapa Kenya iliyowahi kuwapa Waogiek haki yao?

Wakili wa Ardhi

Nianze na la pili kwa sababu linajibu pia ombi la mzee. Waogiek wa Mlima Elgon, wale wa Chepkitale, walifukuzwa baada ya ardhi yao kugeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Walirudi, wakafukuzwa tena, wakarudi tena. Katika kurudi huko waliketi na wazee wao, wakaandika kanuni zao wenyewe za kutunza ardhi, ikiwamo marufuku ya kuchoma makaa na ya kulima katika nyika ya juu. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba ugeuzaji ule ulikuwa batili na kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii. Kwa hiyo jaji wa Kenya aweza kufika pale pale walipofika majaji wa Arusha, ingawa si lazima afike: mwaka 2020 mahakama ya ngazi hiyo hiyo, Eldoret, iliwakatalia Wasengwer wa Embobut, jamii ambayo serikali ilikuwa imezilipa familia zake shilingi 400,000 kila moja ili zihame, na ambayo mtu wake mmoja aliuawa kwa risasi katika operesheni ya askari wa misitu Januari 2018, Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha za mradi wake wa maji siku iliyofuata. Kwa wanafunzi wako, Chepkitale na Embobut ukizisoma pamoja zinafundisha zaidi kuliko kesi ya Mau peke yake.

Kuhusu wenye hati, watulize watoto hao kwanza. Hukumu ya 2022 haikuamuru mtu yeyote afukuzwe. Iliagiza kwamba pale ambapo ardhi ya Waogiek imo mikononi mwa watu wengine kwa mikataba au vibali, serikali ianzishe mazungumzo kati yao na Waogiek, wakubaliane kama shughuli hizo ziendelee kwa kukodishwa au kwa kugawana mapato, na mwafaka ukikosekana, serikali iwalipe fidia watu hao na ardhi irudi kwa Waogiek. Mzigo umewekwa juu ya serikali iliyogawa, na mkulima wa ekari tano aliyenunua kwa nia njema hana sababu ya kumchukia jirani yake Mwogiek kwa hukumu hiyo. Mwenye sababu ya kuwa na wasiwasi ni yule mwenye mamia ya ekari ambaye jina lake halimo kwenye sajili yoyote ambayo mwanakijiji anaweza kuifungua, na huyo hana mtoto katika darasa lako.